Hugh Hefner: tumkumbuke kwa lipi?

Swali: Ndugu zangu, Hugh Hefner, mwanzilishi wa Playboy, jarida la Kimarekani la picha za wanawake walio uchi, alifariki dunia tarehe 27 Septemba 2017 akiwa na umri wa miaka 91, na hadi leo wapo wanaomwita mkombozi na wapo wanaomwita mnyonyaji wa wanawake. Ninyi mnaonaje?

Jibu la kwanza: Mimi siwezi kulipuuza suala la rangi. Mwaka 1959, ubaguzi ukiwa bado ni sheria kusini mwa Marekani, alimkaribisha Nat King Cole, mwimbaji mweusi, katika kipindi chake cha televisheni kama mgeni wa sebuleni, na matawi ya klabu zake za burudani za Playboy ya Miami na New Orleans yalipowakataa wanachama weusi, aliyanunua tena kutoka kwa wenye leseni ya kuyaendesha.

Jibu la pili: Hayo ni kweli, ndugu, lakini litazame toleo la kwanza la Playboy, la Desemba 1953. Picha ya utupu ya mwigizaji Marilyn Monroe iliyotolewa humo ilipigwa mwaka 1949 kwa ajili ya kalenda, naye akalipwa dola 50. Hefner aliinunua kwa kampuni ya kalenda, na Monroe mwenyewe hakuombwa ruhusa wala hakupata hata senti ya jarida. Kisha mwaka 1992 akanunua kaburi la ukutani ubavuni mwa la Monroe, na humo ndimo alimozikwa. Hapo pia hakumwuliza.

Muulizaji: Habari ya kaburi sikuwa nayo. Nilikuja nikielemea upande wa jibu la kwanza; sasa nasita.