Dakika nane mbele ya jopo la ufadhili: nianze na hadithi au takwimu?

Mkaushaji_Dunga (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha akina mama wa kukausha omena (dagaa wa ziwani) kimepewa dakika nane mbele ya jopo la ufadhili, Alhamisi ijayo. Tunaomba vichanja 20 vya wavu, maana omena inayoanikwa chini hushika mchanga na mvua huikuta hapo hapo. Nimeandika kurasa nne na slaidi 14. Wenzangu wengine wanasema nianze na hadithi, wengine wanasema jopo linataka takwimu. Nifuate lipi? Na mikono kutetemeka kuna dawa?

Mwalimu_wa_Midahalo (Kakamega)
Dada, kwanza andika ombi lenu kwa sentensi moja inayotamkika kwa pumzi moja: mnaomba nini, vingapi, ili nini kibadilike. Kisha pitia kurasa zako na ufute kila kisichosaidia sentensi hiyo. Kiswahili kinachosemwa kwa utulivu mbele ya watu huenda takriban maneno 100 kwa dakika, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Ukiweka dakika moja ya akiba, una maneno 700. Kurasa nne zilizochapwa ni karibu mara mbili ya hapo, na anayekimbizana na saa huanza kumeza tarakimu, yaani kile kile jopo lilichokuja kusikia.

Hadithi na takwimu hazigombani. Takwimu huingia pale msikilizaji anapojiuliza "kiasi gani?" Chukua mama mmoja, ufuo mmoja, alasiri moja. Omena imeanikwa tangu asubuhi. Saa tisa wingu linafunga. Mvua inashuka kabla nusu haijazolewa. Hapo sema: madebe mangapi yalilowa, debe la kuliwa na watu linauzwa bei gani, na debe lililoharibika linalokwenda kwa chakula cha kuku linauzwa bei gani. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo takwimu yako kubwa. Nyingine ziende kwenye karatasi mtakayowaachia. Toa bei kwenye daftari la kikundi, usikadirie, kwani jopo huwa na mtu anayelijua soko.

Mgawanyo: hadithi dakika moja na nusu, maelezo ya kichanja dakika mbili, gharama dakika mbili, nani atavitunza dakika moja, kumalizia nusu dakika. Usianze na historia ya kikundi wala kutambulisha viongozi wote. Dakika mbili huishia huko na masikio yamekwisha kulala. Ikate hadithi pale mvua inaposhuka, taja ombi, halafu mwishoni mrudie mama yule yule, saa tisa ile ile, omena ikiwa juu ya wavu, hewa ikipita chini yake na turubai likivutwa kwa dakika chache. Na huyo mama aombwe ruhusa kwanza, hata kama hutamtaja jina.

Fundi_Vyombo (Nakuru)
Slaidi 14 kwa dakika nane ni nyingi. Bakiza nne: ufuo wenye mvua, kichanja, jedwali la gharama lenye mistari isiyozidi mitano, na ombi. Herufi ziwe saizi 32 kwenda juu. Ukumbi wenye madirisha mapana hufifisha projekta mchana, kwa hiyo tumia maandishi meusi juu ya nyeupe. Hifadhi kama pidiefu kwenye flashi na kwenye simu, kisha chapa nakala za kila mwanajopo. Stima ikipotea, unaendelea bila kuomba radhi.

Kipaza sauti: vidole vinne kutoka kwenye kidevu, usikifunike kichwa kwa kiganja, usisimame mbele ya spika. Ule mlio mkali hutokea sauti ya spika inapoingia tena kwenye kipaza.

Mtambaji (Siaya)
Nakubaliana na Mwalimu, ila mmesahau macho. Beba bilauri mbili za kioo zenye maji. Tia gao la omena ya mchangani katika moja, ya wavuni katika nyingine, koroga, ziache mezani ukiendelea kusema. Mchanga utatuama chini ya moja na jopo litauona lenyewe. Jaribuni nyumbani kwanza, mjue unachukua dakika ngapi kutuama. Msizungushe omena mkononi mwa watu wakati unazungumza. Wataitazama hiyo na kukuacha wewe.

"Paukwa" usiitumie hapa, ingawa naipenda. Bibi katika siwindhe, ile nyumba ya Waluo ya kusimulia watoto hadithi, alikuwa na jioni nzima na watoto waliojua kuitikia. Jopo lenye saa mkononi litasita, na ukimya huo utakuvunja moyo. Kutoka kwa bibi chukua kitu kingine: kutua. Baada ya "mvua ikashuka", nyamaza sekunde mbili kamili.

Mkaushaji_Dunga
Asanteni sana. Bado mikono. Na wenzangu wanataka mmoja atafsiri kwa Dholuo.

Mwalimu_wa_Midahalo
Mkalimani hugawa muda nusu: dakika nane zinakuwa nne. Uliza kama jopo lote linaelewa Kiswahili. Likielewa, Dholuo ingojee maswali.

Mikono: karatasi kubwa huonyesha hata mtetemo mdogo. Kata kadi ngumu tano za ukubwa wa kiganja, zipe namba, kila moja iwe na maneno makuu tu. Usikariri hotuba nzima, maana neno moja likipotea huvuta mnyororo wote. Kariri sentensi mbili za kwanza, sentensi ya ombi na ya mwisho. Kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara tano. Sauti hutetemeka pumzi ikibaki juu kifuani.

Mazoezi yawe ya kusimama, kwa sauti, simu ikipima muda: mara mbili kila siku hadi Jumatano. Siku moja keti na wenzako wakurushie maswali sita magumu kuliko yote, na la kwanza liwe hili: wavu ukitoboka mwaka kesho, nani ananunua mwingine?