Kiapo cha mama na miaka 18 ya mtoto: kipi kitatangulia? (uraia wa Marekani)

NyotaYaUvira (6 Mei 2024)

Salamu wapendwa. Naomba msaada kwa wanaozijua sheria za uraia wa Marekani. Tuliingia kama wakimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tarehe 3 Septemba 2019, mimi na kijana wangu. Grini kadi zetu (vibali vya ukaazi wa kudumu) zilitufikia 2021. Kijana alizaliwa Agosti 2007, ila kambini waliandika 1 Januari 2007 na makaratasi yake yote yanasema hivyo. Mume wangu, ambaye si baba yake mzazi, aliapa na kuwa raia 2022. Mimi na baba mzazi hatukufunga ndoa. Yeye alibaki Uvira, Kongo.

Kila mtu ana lake. Wengine wanasema mtoto tayari ni raia kupitia baba wa kambo. Wengine wanasema ningoje hadi 2026 ndipo nijaze fomu N-400 ya kuomba uraia. Wengine wanasema nikiituma kabla hajatimiza 18 yatosha, umri wake utasimama hapo. Nishike lipi?

KaraniWaFomu

Mama Nyota, hakuna hata moja la kushika katika hayo matatu, na muda ulio nao ni mfupi.

Kinachotawala hapa ni kifungu cha 320 cha sheria ya uhamiaji, kama kilivyobadilishwa na sheria iliyoanza kutumika 27 Februari 2001. Mtoto anakuwa raia papo hapo, bila kuomba wala kuapa, mambo haya yakikutana wakati mmoja: mzazi mmoja ni raia, mtoto hajatimiza miaka 18, ana grini kadi, na anaishi Marekani na mzazi huyo raia, ambaye ana haki ya kumlea kisheria na anamlea kweli. Lipi limetangulia si hoja, ilimradi yote yawe yamekutana kabla ya siku ya kutimiza 18.

Kwako yote yapo isipokuwa uraia wako. Na uraia wako unaanza siku ya kiapo. Siku ya kutuma fomu haihesabiki, wala siku ya mahojiano, hata kama ofisa amekwambia umepita. Ile sheria inayogandisha umri wa watoto ipo, lakini ni ya viza na grini kadi, haigusi kifungu cha 320. Ukiapa 31 Desemba 2024, kijana wako ni raia. Ukiapa 2 Januari 2025, si raia.

Baba wa kambo hampitishii mtoto uraia. Angekuwa amemuasili (amemfanya mtoto wake kisheria), sawa, lakini kuasili kulipaswa kukamilika kabla ya miaka 16, na kijana wako ameshapita hapo.

Sasa hilo la 2026. Toa grini kadi yako usome tarehe iliyo mbele ya maneno «Resident Since». Mkimbizi hurudishiwa tarehe hadi siku aliyoingia nchini, hata kama kadi ilitoka miaka miwili baadaye. Yako inapaswa kusoma 3 Septemba 2019. Miaka mitano inatimia 3 Septemba 2024, na fomu inaruhusiwa kutumwa siku 90 kabla, yaani kuanzia 5 Juni 2024. Usiitume tarehe 4, maana ukiwahi hata kwa siku moja wanaweza kuikataa, nawe umepoteza wiki kadhaa. Kama kadi ina tarehe tofauti, nitajie hapa, maana hesabu yote inabadilika.

Njia ya miaka mitatu kwa mwenye ndoa na raia haikusaidii. Inataka mume awe raia miaka yote hiyo mitatu, na wake ameupata 2022.

BintiMombasa_MN

Naongezea kwenye yanayokwamisha, kwa sababu kati ya 3 Septemba na 31 Desemba hamfikishi hata miezi minne.

Usiombe kubadilisha jina ndani ya N-400. Linaonekana jambo dogo, lakini jina hubadilishwa na jaji, kwa hiyo kiapo chako kitangoja kalenda ya mahakama. Mwenye kutumia jina lake la sasa anaweza kuapishwa na ofisi ya uhamiaji yenyewe, na baadhi ya ofisi huapisha siku ileile ya mahojiano. Jina utalibadilisha baadaye katika mahakama ya jimbo lako.

Mtihani upite mara ya kwanza. Maswali ya uraia kwa fomu zilizotumwa kabla ya 20 Oktoba 2025 yalikuwa 10 kutoka orodha ya 100, ulitakiwa upate 6, pamoja na kusoma na kuandika sentensi ya Kiingereza. Ukianguka unapewa nafasi ya pili kati ya siku ya 60 na ya 90. Mahojiano yakiwa Oktoba, marudio yanaangukia Desemba au Januari. Anza kujifunza leo, usingoje barua.

Usiahirishe miadi ya alama za vidole wala ya mahojiano. Usihame nyumba kama unaweza kuepuka; faili likihamishiwa ofisi nyingine linaingia foleni mpya. Ukilazimika kuhama, toa taarifa ndani ya siku 10. Na orodhesha safari zako zote za nje ya nchi: hata moja iliyozidi miezi sita inaleta maswali kuhusu ukaazi mfululizo.

Ada ya kutuma mtandaoni ni dola 710, kwa karatasi 760. Wenye kipato kidogo wanaweza kulipa 380, lakini ombi hilo linatumwa kwa karatasi tu. Mnaweza kuchangishana familia nzima? Mtandaoni risiti inatoka mara moja. Bahasha ikirudishwa kwa kukosa sahihi moja, Juni yote imeisha.

Ukishapata risiti, omba faili liharakishwe. Pigia idara ya uhamiaji (USCIS), 800-375-5283, eleza kwamba mtoto anatimiza 18 tarehe fulani, kisha uwe na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na grini kadi yake tayari. Hawalazimiki kukubali. Wakikataa, nenda ofisi ya mbunge wako wa bunge la taifa, utasaini fomu ya kuwaruhusu kuulizia faili lako. Siku ya mahojiano mkumbushe ofisa kwa mdomo, na barua fupi umwachie.

Watu watakwambia unaweza kuwashtaki mahakamani siku 120 zikipita baada ya mahojiano bila uamuzi. Ni kweli, lakini kwako ni bure: mahojiano ya katikati ya Septemba, siku 120 zinaisha Januari.

NyotaYaUvira

Mungu awabariki. Kadi inasema 3 Septemba 2019, nimehakikisha. Je, nikirekebisha tarehe ya kuzaliwa iwe Agosti, si tunapata miezi saba zaidi? Na tukikosa kabisa?

MsaidiziWaSheria_Ohio

Mama, panga kila kitu kwa 1 Januari. Kurekebisha tarehe kunadai ushahidi wenye nguvu, mfano cheti kilichoandikwa karibu na siku ya kuzaliwa, na kunaweza kuchukua muda kuliko hiyo miezi saba yenyewe. Kibaya zaidi, N-400 yako ina sehemu ya watoto. Ukiandika Agosti huku kadi yake inasema Januari, unamfungulia ofisa maswali wakati huna siku za kujibu. Kama una cheti cha kweli, mpelekee wakili aanze marekebisho kando, bila kusimamisha hili.

Kutofunga ndoa na baba mzazi hakukudhuru, kwa kuwa uraia unapita kwako mama. Ingekuwa baba ndiye anaapa, angelazimika kuonyesha kwamba mtoto alihalalishwa kisheria (alitambuliwa kuwa mtoto wake halali) kabla ya miaka 16.

Ukiapa kwa wakati, mwombee pasipoti mara moja: fomu DS-11, dola 130 na 35 za ofisi inayopokea. Peleka cheti chako halisi cha uraia, cheti chake cha kuzaliwa, grini kadi yake, na ushahidi kwamba aliishi nawe siku ile ya kiapo: barua ya shule yenye anwani, mkataba wa nyumba, fomu ya kodi ya mapato uliyomtaja. Hapo ndipo wengi wanakwama, wanaleta karatasi za mwaka uliofuata. Baadaye mkipata fedha ombeni cheti chake cha uraia kwa N-600, dola 1,335 mtandaoni. Hakina ukomo wa umri wala hakiishi muda kama pasipoti. Msisahau kurekebisha rekodi yake ya Social Security (hifadhi ya jamii).

Mkikosa, hajapoteza grini kadi. Akishatimiza 18 anajaza N-400 yake, maana miaka yake mitano inatimia pamoja na yako. Atafanya mtihani na kuapa mwenyewe. Kwa vile ni mvulana, ajiandikishe Selective Service (orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini) ndani ya siku 30 za kutimiza 18, asije akaulizwa. Tofauti kubwa ni hatari ya katikati: kosa la jinai akiwa bado na grini kadi linaweza kumfikisha kwenye kufukuzwa nchini. Raia hafukuzwi.

Mzee wa Ujiji

Samahani kuingilia. Mimi ni raia tayari, binti yangu yuko Kigoma, ana miaka 17 na miezi miwili. Ombi langu la kumleta, fomu I-130, limeshakubaliwa. Naye anahusika?

KaraniWaFomu

Shikamoo mzee. Anahusika sana. Akipita uwanja wa ndege na viza ya mhamiaji kabla ya kutimiza 18, na akaja kuishi kwako, anakuwa raia siku hiyohiyo ya kuingia, mradi ulikuwa umemwoa mama yake au umemhalalisha kabla ya miaka 16. Akiingia siku moja baada ya kutimiza, anapata grini kadi tu na atangoje miaka mitano. Viza yenyewe anaweza kuipata hadi 21, ndiyo maana watu hulegea. Muulize kituo cha viza leo faili limefika wapi, na vipimo vya daktari visipangwe mwezi wa mwisho. Tiketi ikishakatwa, hesabu tarehe ya kutua Marekani, si ya kuondoka Dar.