Bukavu: mnazika nyumba za zamani ndani ya simenti, kisha mnashangaa zinaoza

Nimechoka kunyamaza. Pita Muhumba, pita Nguba, zunguka La Botte: nyumba ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, mji huu ukiitwa Costermansville, ikipata wenye nyumba wapya, kitu cha kwanza kinachofika getini ni mifuko ya simenti. Baba anataka sura ya mbele ing'ae kabla ya Noeli. Mama anataka ua wa nyuma upigwe pave (matofali ya kutandaza chini), pawekwe maua na meza ya wageni. Fundi anawaitikia wote wawili "ndiyo patroni, ndiyo mama patroni", anachukua avansi, na katika hao watatu hakuna aliyezunguka nyumba mvua ikinyesha kuona maji yanatoka wapi na yanaishia wapi.

Mvua zetu zinaanza Septemba mpaka Mei. Miezi tisa! Na tumekaa juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na ukishiba maji kwenye mteremko unashuka na vilivyo juu yake. Watu wa Funu, mtaa wa maporomoko, hawahitaji kuelezwa. Lakini fungua devi (makadirio ya gharama) yoyote ya siku hizi, mstari wa kwanza ni rangi.

Ukuta kwanza, maana hapo ndipo pesa nyingi inatupwa. Tofali la kuchoma la zamani ni laini, lina vitundu, na kilicholishikanisha na mwenzake mara nyingi ni chokaa. Linanyonya unyevu wa ardhini, linautoa hewani, na nyumba inaishi miaka sabini bila kelele. Mnakuja ninyi na krepi (plasta) ya simenti tupu, unene sentimita tatu. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda. Alama iliyokuwa magotini inafika kiunoni, kisha madirishani. Chumvi nyeupe inachanua. Krepi inaachana na ukuta, ukigonga unasikia uwazi nyuma yake, na siku inapoanguka inaondoka na uso wa tofali. Hapo fundi yule yule anarudi kuwauzia simenti yenye dawa ya kuzuia maji. Ni kumvalisha koti la mvua mtu aliyekwisha kulowa.

Kinachotakiwa kinajulikana. Ondoa krepi ya simenti kwa nyundo na tindo, polepole, bila mashine ya kutikisa, toka chini mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Kwangua viungo vya matofali kina cha sentimita mbili. Chumvi itolewe kwa brashi kavu na vumbi lake litupwe nje ya parseli (kiwanja). Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani. Halafu ukuta uachwe wazi kiangazi chote, Juni hadi Agosti. Ndiyo, chote. Hapo wenye nyumba wananuna, wageni watasema nini, nyumba iko uchi! Waseme.

Krepi ya kurudishia: ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Upande unaopigwa na mvua za kutoka ziwani, simenti moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Basi. Fundi akisema "tuongeze simenti kidogo ipate nguvu", mtoe kwenye shantie, mahali pa kazi. Nguvu ya krepi haitakiwi kuzidi ya tofali. Ikizidi, siku ukuta ukicheza kidogo ni tofali linalopasuka, na krepi huwezi kuilaumu kwa kuwa ngumu, ndivyo mlivyoipika.

Mchanga mupime kabla ya kulipa lori. Chupa ya kioo, mchanga theluthi, maji mpaka karibu na mdomo, tikisa, acha ilale usiku. Asubuhi matope yatakuwa yametulia juu ya mchanga. Yakizidi moja ya kumi ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Na mkipata chokaa hai, ile ambayo haijazimwa kwa maji, ni chokaa inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya rundo la chokaa: inachemka na kuruka, inaunguza macho. Miwani, glavu, watoto mbali. Ikae kwenye pipa imefunikwa na maji wiki mbili angalau, ikikaa zaidi ni bora. Mnapiga matabaka mawili au matatu, kila moja sentimita moja, juu ya ukuta uliolowanishwa, kisha mnatundika magunia yenye maji mbele yake siku kadhaa ili jua lisiikaushe kwa haraka. Juu yake chokaa nyepesi ya kupaka, mapito manne. Rangi ya plastiki juu ya krepi ya chokaa ni kufunga tena mlango mliotoka kuufungua.

Jambo lingine linalonipandisha hasira: vile vitundu chini ya sakafu na karibu na dari. Waliojenga hawakuviweka kwa urembo. Vinapitisha hewa chini ya mbao. Mafundi wanaviziba kwa simenti "panya wasiingie", na baada ya hapo ubao unaoza kimya mpaka mguu wa mtu upite. Wavu wa chuma wa matundu madogo unazuia panya, unagharimu kidogo kuliko sakafu. Na udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hadi 20. Bustani za siku hizi zinapandishwa mpaka zinagusa dirisha, eti maua yaonekane.

Sasa ua wa nyuma. Hapo watu wanaweza kufa, kwa hiyo nisomeni vizuri.

Paa la mita za mraba 150, mvua ya milimita 40 mchana mmoja: lita 6,000. Zote zinaanguka miguuni pa ukuta kama mifereji ya paa imeng'olewa au imejaa majani. Mfereji uinamie bomba la kushushia kwa nusu sentimita kila mita, na bomba lisiishie pembeni mwa msingi. Lipelekwe mpaka mtaro wa saruji au wa mawe unaotoka nje ya parseli. Juu ya hayo mnatandaza pave ua mzima, kila tone linakimbia. Linakwenda wapi? Nyuma ya ukuta wa kushika udongo, au kwa jirani wa chini. Pave iinamie mbali na nyumba kwa sentimita mbili kila mita, na kati yake na ukuta wa nyumba muache sentimita 60 za kokoto, bila simenti chini.

Ukuta wa kushika udongo ndio aibu kubwa ya mji huu. Mnajenga mawe kwa simenti, mnajaza matope ya mfinyanzi nyuma, mnapiga krepi mbele, safi, hakuna hata tundu moja. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo cha mita moja, kila mita ya urefu wake inasukumwa na kilo 500. Mita mbili si mara mbili: ni kilo 2,000. Mita tatu, 4,500. Hayo ni maji peke yake, udongo sijauhesabu. Ndiyo maana unaanguka usiku wa mvua ya tatu au ya nne, wakati udongo umeshiba, na kila mtu anasema ni bahati mbaya.

Unaosimama uko hivi. Msingi uingie nusu mita kwenye udongo mgumu usiochimbwa. Upana wa chini uwe nusu ya kimo, uso wa mbele uegemee mlimani kidogo. Nyuma yake, sentimita 30 za kokoto toka chini mpaka karibu na juu. Mabomba ya milimita 75 au 100 yapite ndani ya ukuta kila mita moja na nusu, mstari wa kwanza juu kidogo ya ardhi ya mbele, wa pili upishane nao, yote yainamie nje. Juu kabisa, udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na mtaro wa kukamata maji kabla hayajaingia. Gabioni, masanduku ya wavu wa chuma yaliyojaa mawe, nazo ni nzuri, maji yanapita yenyewe. Ukizidi mita mbili tafuta injinia, acheni kubahatisha na roho za watu.

Na pui pardi, shimo la kunyonyea maji! Nimeona devi inayoliweka juu ya ukuta huo "kwa sababu kuna nafasi". Liwe chini, mita kumi mbali na nyumba, na mbali na ukuta.

Mengine kwa ufupi, maana nimeandika kwa hasira hadi vidole vinauma. Sakafu za granito (simenti na vipande vya marumaru vilivyosuguliwa) msizisafishe kwa asidi: inakula simenti na mawe ya marumaru, inabaki na mashimo, sabuni laini na msasa wa maji vinatosha. Madirisha ya chuma msiyang'oe kwa kupenda aluminiamu. Toa mastiki ya zamani, sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, weka kioo kwa mastiki mpya, subiri wiki mbili au tatu kabla ya rangi. Mbao mbichi za mikaratusi kwenye paa zitajipinda zikikauka na mabati yatafuata. Bati za zamani za kijivu, zile za simenti na nyuzi, zinaweza kuwa na asibesto: msizikate kwa diski, msizipige brashi kavu, msizivunje kuwa kokoto ya njia. Zilowanishwe, zishushwe nzima, mvaaji awe na barakoa ya kweli.

Maoni ya wasomaji, nami nikijibu kama Mwenye uzi:

Ed-maso (msaidizi wa mwashi) wa Kadutu:
Mkubwa, unatuonea. Mwenye pesa ndiye anadai simenti. Ukimwambia asubiri kiangazi anaita mwingine jioni hiyo hiyo. Sisi tunalipwa kwa siku, ukuta ukikauka miezi mitatu watoto wanakula nini?

Mwenye uzi:
Mdogo wangu, hilo ni kweli na wenye nyumba walisome. Lakini kuna kazi ya kujaza kiangazi: mifereji ya paa, mtaro, ukuta wa kushika udongo wa nyuma, madirisha. Zote zinafanyika ukuta ukiwa unakauka. Panga devi hivyo: maji, paa, ukuta wa nyuma, krepi, rangi mwisho. Mwenye nyumba akigeuza mpangilio, atie sahihi kwamba ni yeye.

Mama wa Nguba:
Asante ndugu. Na nyufa za tangu tetemeko la Februari 2008? Kila fundi anazijaza, kila mwaka zinarudi palepale. Baba watoto anataka tuweke karo (vigae) juu tusizione tena.

Mwenye uzi:
Mama, shikamoo. Mwambie baba karo zitapasuka kwa mstari uleule. Kwanza mjue kama ufa bado unatembea. Bandika jipsi kidogo kukatisha ufa, unene wa kidole, andika tarehe juu yake, upite msimu wa mvua na kiangazi. Jipsi ikibaki nzima, ufa ni wa zamani: toa matofali yaliyopasuka moja moja, weka mazima kwa chokaa, yakipishana pande zote mbili. Jipsi ikikatika, kuna kitu kinashuka. Ufa wa ngazi uliopanuka juu kuliko chini maana yake pembe ya nyumba inazama. Nenda pembe hiyo, mara nyingi utakuta bomba la paa linamwaga pale au bomba la maji limetoboka ardhini. Rekebisha hilo kabla ya kugusa ufa.

Wa La Botte:
Naunga mkono, ila kwenye miti umekaa kimya. Mteremko wetu una avokado kubwa na mikaratusi, fundi anasema ing'olewe yote, tupande migomba.

Mwenye uzi:
Migomba?! Mizizi yake ni mifupi, haishiki kitu, na shina limejaa maji. Mikaratusi ikate, visiki viache ardhini. Ukiving'oa umefungua mashimo ya maji. Lakini kisiki kikifa, mizizi yake inaoza baada ya miaka michache, kwa hiyo vetiva, nyasi ya mizizi mirefu, ipandwe msimu huohuo wa mvua: mistari inayofuata usawa wa mteremko, shina kila sentimita 10 hadi 15, mstari mwingine kila unaposhuka mita moja. Mizizi yake inaweza kwenda chini hadi mita tatu. Avokado iacheni, punguzeni matawi ya upande wa nyumba. Na huyo fundi muulize alipanga maji ya ua yatokee wapi.