Skripti iguse faili zote zilizo wazi, au zile nilizozitaja tu?

Wakuu, hoja iliyo mezani ni hii. Katika vihariri vingi vya maandishi, makro uliyoirekodi (mfululizo wa hatua unaorudiwa kwa amri moja) hufanya kazi kwenye faili iliyo mbele yako tu. Wapo wanaotaka makro na skripti ziruhusiwe kupita kwenye faili zote zilizofunguliwa kwa mpigo mmoja. Wengine wanaona huko ni kutafuta balaa.

Kuruhusu, naunga mkono. Anayepinga nadhani hajawahi kurudia makro ileile kwenye vichupo 20 huku akihesabu kwa vidole kipi kimepita na kipi bado. Na lile jibu la "si utumie sed", yaani programu ya nje ya kihariri inayobadilisha maandishi kwenye faili kwa amri, halinishawishi. Sed husoma kilichoko kwenye diski. Uliyoandika bila kuhifadhi haiyaoni. Ukirudi, kihariri kinakuuliza: faili imebadilishwa na programu nyingine, uipakie upya? Ukikubali, umepoteza ya kwako. Ukikataa kisha ukahifadhi, umefuta ya sed.

Ninapogombana na pendekezo ni kwenye neno "zote". Faili kuwa wazi hakumaanishi nataka iguswe. Siku moja nilikuwa na faili 14 wazi, nabadilisha neno "mteja" liwe "mnunuzi". 13 zilikuwa za kazi. Ya 14 ilikuwa ya mipangilio. Niliifungua asubuhi kuchungulia namba ya poti, nikaisahau kule mwisho wa vichupo. Skripti haikuisahau. Ikaingia hadi kwenye jina la hifadhidata, "mteja_kuu" ikawa "mnunuzi_kuu", na programu ikagoma kuwaka. Nilipoteza saa nzima nikikagua zile 13 ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kihariri cha Vim kililitenganisha hili zamani. Amri ya bufdo hupita bafa zote, yaani kila faili iliyofunguliwa humo. Argdo hupita orodha uliyoitaja mwenyewe. Ingekuwa juu yangu, tabia ya argdo ndiyo ingekuwa ya kawaida, na anayetaka zote aombe waziwazi.

Kuna anayesema, "Kwani kutendua (undo) si kupo?" Kupo, lakini kwa kawaida kila faili ina historia yake. Umegusa faili 14, utatendua mara 14, na ole wako ukiruka moja. Mimi ningedai tendo moja litenduliwe kwa amri moja, bila hivyo kipengele hiki kisitoke kabisa. (Suala la kishale nalitaja tu: makro huanzia pale kishale (alama ya mahali unapoandika) kilipo, na kila faili imekiacha mahali pake. Makro isiyoanza kwa kwenda mstari wa kwanza itafanya vituko.)

Jambo ambalo sijalimaliza kichwani ni kosa linapotokea katikati. Bufdo ikikutana na kosa kwenye bafa moja, husimama hapohapo: za nyuma zimeshabadilika, za mbele bado. Kwa kutafuta na kubadilisha unaweza kuongeza herufi e mwishoni mwa amri ili neno lisipopatikana isihesabike kuwa kosa, ila hiyo haitibu makosa mengine. Naegemea upande wa kurudisha zote zilivyokuwa. Lakini kama faili 190 kati ya 200 zimepita salama, mtakubali kweli zirudishwe kwa sababu ya moja iliyofungwa isiandikwe?