Pendekezo la mtaala limerudishwa na kamati ya seneti: nifanyeje lipite kabla prospektasi haijafungwa?

Mratibu wa Mtaala (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mhadhiri wa afya ya jamii, na idara yangu imenikabidhi kazi ya kuratibu mapitio ya mtaala wa shahada ya kwanza. Pendekezo letu lilipita katika kikao cha idara bila pingamizi, likapita katika bodi ya kitivo, kisha likafika kwenye kamati ya mitaala ya seneti, yaani chombo kikuu cha kitaaluma cha chuo, na huko ndiko lilikokwama. Limerudishwa na maneno machache tu, "liboreshwe na kuwasilishwa upya", ilhali prospektasi (kitabu cha kozi za chuo) ya mwaka ujao inakaribia kufungwa, na kozi isiyokuwamo humo haiwezi kusajiliwa na mwanafunzi yeyote. Naombeni ushauri: ipo njia halali ya kuliharakisha? Na je, seneti ina mamlaka gani ya kuzuia jambo la kitaaluma ambalo wataalamu wake wamekwisha kulikubali?

Karani wa Vikao:
Ndugu mleta mada, nimeandika kumbukumbu za kamati za namna hiyo kwa miaka mingi, na mara nyingi kinacholirudisha pendekezo ni karatasi zenyewe. Tulipokuta tokeo la ujifunzaji, yaani kile ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya baada ya kozi, linasema kwamba mwanafunzi "ataelewa", mwenyekiti wetu alilipigia mstari mwekundu bila kuuliza, kwa kuwa kuelewa hakupimiki mpaka kugeuzwe kuwa kueleza, kukokotoa au kubuni. Angalia pia kama umeonyesha nani atafundisha, maktaba ina vitabu gani, na wanafunzi walio katikati ya mtaala wa zamani watamaliza vipi. Hicho kifungu cha mwisho husahaulika kuliko vyote. Niliwahi kushuhudia shahada nzima ikisimama mwaka mzima kwa sababu hiyo moja.

Hesabu za Krediti:
Mimi ningeanza na mzigo wa kazi. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180, ukijumlisha mihadhara, usomaji na mitihani. Wahadhiri wengi huorodhesha mada za kujaza saa 300 na kuzipa krediti 6. Weka jedwali la saa hapa tulikague.

Mjumbe wa Seneti:
Jedwali linaweza kusubiri. Kila fomu ya marekebisho ya mtaala niliyowahi kuipitia ina sehemu ya mashauriano na idara nyingine. Ninyi mliandika nini pale?

Mratibu wa Mtaala:
Mkuu, sehemu hiyo tuliijaza kama kawaida, na sidhani kama ndiyo kiini cha tatizo.

Mjumbe wa Seneti:
Nimeuliza mliandika nini.

Mratibu wa Mtaala:
Tuliandika kwamba hakuna idara inayoathirika. Ni kweli kwamba kozi yetu mpya, Uchambuzi wa Data za Afya, inachukua nafasi ya Takwimu ya Utangulizi, ambayo ni kozi ya lazima inayofundishwa na idara ya takwimu iliyo katika kitivo kingine. Lakini shahada ni yetu na wanafunzi ni wetu. Wanafundishwa takwimu kwa mifano ya viwanda, wanafeli kwa wingi, na wanaofaulu hawawezi kusoma jedwali la maambukizi. Kuomba ridhaa ya idara itakayopoteza kozi ni sawa na kumwomba mshindani akufungulie mlango. Ndiyo maana nimeandaa barua kwa makamu mkuu wa chuo, nikimwomba aielekeze kamati.

Bi Nidhamu:
Mwanangu, uliandika "hakuna" ukijua kwamba ipo, halafu unauliza kwa nini umerudishiwa?

Mcheshi wa Kitivo:
Hata hiyo takwimu ya utangulizi ingetosha kumwonyesha kwamba moja si sawa na sifuri.

Msomaji wa Kanuni:
Nirudi kwenye swali lake la pili, ambalo wengi wameliruka. Tamko la mwaka 1966 la Marekani kuhusu uongozi wa vyuo vikuu, lililoandaliwa na chama cha maprofesa pamoja na vyombo viwili vinavyowakilisha vyuo na bodi zake, linawapa wahadhiri jukumu la msingi juu ya mtaala na mbinu za kufundishia. Bodi au rais wa chuo hutarajiwa kuwapinga katika mazingira ya nadra tu, na kwa sababu wanazoelezwa. Wahadhiri wanaotajwa humo ni jumuiya nzima, na wale wa takwimu wamo. Mleta mada anadai uhuru wa wanataaluma, na hapohapo anamwita mtawala aiamuru kamati ya wanataaluma. Akifanikiwa leo, mwakani idara ya takwimu nayo itapita mlango huohuo kuja kuifuta kozi yake.

Mchunguzi:
Wakuu, mimi naona hii ni chai. Idara imepitisha bila pingamizi, bodi ya kitivo imepitisha, na katika wasomi wote hao hakuna aliyeona kwamba kozi ya lazima ya watu wengine inafutwa? Hili ni swali la mtihani wa uongozi wa elimu, limebaki neno "jadili" tu. Mnamfanyia mtu kazi yake ya muhula.

Hesabu za Krediti:
Nami nilianza kushuku alipokataa kuleta jedwali.

Karani wa Vikao:
Linawezekana kabisa. Bodi nyingi hupitisha mapendekezo kwa mkupuo, chini ya ajenda zisizohitaji mjadala, na idara ya takwimu haina mjumbe katika bodi ya kitivo kingine. Ndiyo maana pakawekwa kamati ya seneti, ambamo vitivo vyote hukutana.

Mratibu wa Mtaala:
Mimi si mwanafunzi. Fomu iko mbele yangu, na pembeni ya kisanduku cha mashauriano mtu ameandika kwa penseli, "Takwimu wanajua?" Sikuitaja kwa sababu haimo katika barua rasmi ya kamati.

Mjumbe wa Seneti:
Hiyo penseli ndiyo barua yenyewe.

Mkuu wa Idara Mstaafu:
Niliongoza idara ya hisabati iliyonyang'anywa kozi ya namna hiyo. Nafasi zetu za ajira zilikokotolewa kwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, kwa hiyo kozi moja ya mwaka wa kwanza ilikuwa mshahara wa mtu. Tungeulizwa mapema, tungekubali kuifundisha kwa pamoja kwa mifano yao. Mleta mada aelewe jambo moja: kushauriana hakumpi mtu kura ya turufu. Unawapelekea rasimu, unawapa tarehe ya kujibu, unaambatisha jibu lao hata kama wanapinga, na kamati inapima hoja za pande zote mbili. Wakinyamaza, ukimya wao nao unaandikwa. Wakati huo kozi inaweza kutolewa kama mada maalumu ya hiari, ikiwa kanuni zenu zinaruhusu, bila kugusa ile ya lazima. Barua ya makamu mkuu ingali rasimu?

Mratibu wa Mtaala:
Imepokelewa ofisini kwake leo asubuhi.

Mkuu wa Idara Mstaafu:
Basi mpelekee mkuu wa idara ya takwimu rasimu ya kozi leo hii, kabla hajaisikia kutoka huko juu, na nakala umpe katibu wa kamati.

Mratibu wa Mtaala:
Rasimu nitampelekea, na takwimu za waliofeli nitaziambatisha. Barua siiondoi.