Mjadala: Korosho yetu ilifufuliwa na soko huria?

MZEE WA NEWALA: Wana Kusini, juzi kwenye bao tulibishana hadi kete zikasahauliwa. Mmoja anasema mageuzi ya uchumi ya 1986, Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, alipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ndiyo yaliyofufua korosho. Anataja hesabu: msimu wa 1973/74 takriban tani 145,000, wa 1986/87 kama 16,500 tu, kisha soko likafunguliwa zikapanda. Sibishii tani. Lakini mikorosho haikuangushwa na bei peke yake. Operesheni Vijiji ilituhamisha, shamba likabaki huko nyuma, nyasi zikameza kila kitu. Halafu ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha ua kabla halijafunga. Dawa yake salfa. Soko huria halipulizi salfa!

MTOTO WA TANDAHIMBA: Shikamoo mzee. Kabla ya ruksa mlikuwa mnalipwa? Marehemu baba ametuachia bahasha ya stakabadhi, korosho alipeleka, hela hakuiona. Mnunuzi binafsi alikuja na noti mkononi. Bila noti, nani angepalilia?

MZEE WA NEWALA: Marahaba mwanangu. Hapo umenishika. Ila noti ile ilikuja na kangomba, ule ununuzi wa kupunja kwa bakuli. Njaa ya masika imekubana, jamaa anakupa hela kidogo, msimu ukifika anakuja na bakuli lake. Anajaza mpaka kilele, anashindilia kwa kiganja, anaongeza tena, na zinazomwagika chini haziingii kwenye hesabu. Mfumo wa stakabadhi ghalani wa 2007, korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulikuja kwa sababu ya bakuli hilo.

WA NACHINGWEA: Nyie mnahesabu tani, hesabuni viwanda. Vilijengwa miaka ya sabini kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ubinafsishaji ukaja, vingine vikaishia kuwa maghala. Korosho ghafi inapakiwa kwenda India na Vietnam, kazi ya kubangua inakwenda nayo. Na 2018 wakulima walipogomea bei ya mnada, serikali ikatuma jeshi kununua kwa shilingi 3,300 kilo. Soko huria gani hilo?

MZEE WA NEWALA: Ya viwanda sina la kukujibu. Wewe wa Tandahimba, hela ya salfa mlikuwa mnatoa wapi?

MTOTO WA TANDAHIMBA: Tulikopa, mzee. Kwa huyohuyo mwenye bakuli.