Seng'enge, mnyaa au waya wa umeme kwa ekari 10: kipi kinafaa zaidi?

Mfugaji_Ngoma
Habari zenu wafugaji. Shamba liko Nakaseke, Uganda, upande wa Ngoma. Ni ekari 10, karibu mraba, mita 200 kwa 200. Ng'ombe ni 14, chotara wa Friesian na Ankole, ndama watano, na mbuzi wachache. Mchwa ni wengi. Kazi itafanywa na familia: watu wazima wanne, na vijana wawili shule zikifungwa. Nalinganisha seng'enge kwenye nguzo za mkaratusi, ua wa mnyaa, na waya wa umeme wa sola. Naomba hesabu ya vifaa, na mniambie kila njia inaharibikia wapi.

FundiUzio
Ndugu, tuanze na hesabu. Mzunguko wako ni mita 800. Nguzo kila mita 4 ni nguzo 200. Kati ya hizo 16 ziwe nene, sentimita 15 au zaidi: tatu kila pembe, nne langoni. Urefu wa hizo uwe mita 2.4, na sentimita 90 zizame ardhini. Zilizobaki zitoshe unene wa sentimita 8 hadi 10, urefu mita 2.1, zizame sentimita 60.

Nyaya nne kwa mita 800 ni mita 3,200. Ongeza asilimia 5 ya mafundo na mabaki, inakuwa 3,360. Usinunue roli kwa kilo. Roli mbili zinaweza kuwa na uzito sawa, moja ya geji 16 na nyingine ya geji 12.5 (geji ni kipimo cha unene, namba kubwa ni waya mwembamba), na ile ya geji 16 ikawa na urefu zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Soma mita kwenye lebo. Roli za mita 500 utahitaji 7. Misumari ya U ni 800, chukua 900.

Sasa pembe, maana uzio wa seng'enge huanza kufa hapo. Ukivuta nyaya nne, nguzo ya pembe inavutwa ndani mchana na usiku. Ikiinama kidogo tu, waya wote wa upande ule unalegea, na ng'ombe akishajua kwamba waya unalegea hutamtoa tena shamba la jirani. Kila upande wa pembe simamisha nguzo ya pili, umbali wa mita 2.5. Umbali huo usipungue mara mbili ya kimo cha uzio. Kati yao weka upau mlalo unene wa sentimita 10, chini kidogo ya waya wa juu. Kisha zungusha waya laini wa kukaza, mara mbili, kutoka KITAKONI mwa nguzo ya pembe hadi KICHWANI mwa nguzo ya pili, uukaze kwa kuupindua kwa kijiti. Wengi huugeuza: kichwani mwa pembe hadi kitakoni mwa ya pili. Hapo haushiki chochote, na nguzo ya pembe inainama hata kabla ya mvua ya pili.

Mama_Maziwa
Nakubaliana na pembe, ila nguzo za mkaratusi kwenye mchwa hazidumu kama hazikuandaliwa. Zimenyewe gamba lote, maana mchwa hujificha chini ya gamba. Zikauke kivulini miezi miwili au mitatu ndipo zipakwe dawa, kwa sababu mti mbichi una maji na dawa haiingii. Oili chafu ya gari inakaa juu juu tu. Inachelewesha mchwa, haizuii. Na msipake ncha ya chini peke yake. Nguzo huoza pale udongo unapokutana na hewa, kwa hiyo dawa ipande sentimita 20 juu ya usawa wa ardhi. Mkinunua zilizotiwa dawa kiwandani, kichwa kilichokatwa shambani kielekee juu, kamwe kisiingie shimoni.

Ushauri wangu ni kuunganisha njia mbili. Seng'enge ikae mita moja ndani ya mpaka wako, na katika mita hiyo panda mnyaa, ule Waganda wanaita nkoni. Waya unauzuia mnyaa usikanyagwe ungali mdogo, na nguzo zikianza kuoza ua unakuwa tayari.

Vipande viwe nusu mita. Viacheni kivulini siku tatu hadi saba utomvu ukauke, la sivyo vinaoza. Pandeni kina cha sentimita 15, kila sentimita 25, mvua zinapoanza, Machi au Septemba. Mstari mmoja wa mita 800 ni vipande 3,200. Ili mbuzi asipenye, pandeni mistari miwili iliyopishana, yaani 6,400. Tena mnyaa usipopunguzwa kichwa hupanda juu na kuacha uwazi chini. Unahitaji miaka miwili au mitatu hivi kabla haujamzuia ng'ombe.

Jambo moja nalisema kwa herufi kubwa: UTOMVU WA MNYAA UNAWEZA KUPOFUSHA. Mkataji avae miwani na glavu, watoto wasikate wala kubeba. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na nenda kituo cha afya mara moja.

Nyasi_Kazo
Mbona waya wa umeme unapitwa hivi? Kwa mpaka wa nje, kweli, seng'enge au ua. Ndani ya shamba ndipo umeme unaposhinda. Ukigawa ekari 10 katika padoki nane, yaani vipande vya malisho, gharama ya nguzo na seng'enge itakuchosha, wakati uzi mmoja wa umeme kwenye kimo cha sentimita 80, juu ya vijiti vyepesi kila mita 10, unatosha kwa ng'ombe wakubwa. Kwa ndama ongeza wa pili sentimita 45. Watu wawili wanauhamisha asubuhi moja.

Unaposhindwa ni karibu kila mara kwenye ardhi. Umeme unatoka kwenye mashine, unapita mwilini mwa ng'ombe, unarudi kupitia udongo hadi fimbo za ardhini. Kiangazi udongo ukikauka haurudi, na ng'ombe anapita kama hakuna kitu. Pigeni fimbo tatu za mabati za mita 2, zikiachana mita 3, mahali penye unyevu. Pimeni mwisho wa mstari: chini ya volti 3,000 ng'ombe haheshimu. Nyasi ndefu zikigusa waya zinanyonya nguvu, zifyekwe.

Wazoezeni ng'ombe siku mbili tatu ndani ya zizi imara lenye uzi huo. Asiyeujua, akishtuka, anakimbilia mbele na kuukata.

FundiUzio
Hapo sina ubishi, mradi msitie umeme kwenye seng'enge yenyewe. Mnyama akinaswa na miiba atapigwa mpaka afe. Na mashine ya sola ikae karibu na nyumba; porini inaibwa.

Soroti_Mbuzi
Hakuna aliyegusa mbuzi sawasawa. Nyaya nne kwenye sentimita 35, 65, 95 na 125 ni za ng'ombe. Mbuzi anapita chini ya ule wa kwanza bila shida. Ama muongeze nyaya tatu sehemu ya chini ya uzio, waya na waya ziachane sentimita 15, ama mbuzi wawe na eneo lao dogo la wavu wa waya karibu na zizi. La pili ni nafuu zaidi kwa mbuzi wachache. Na tafadhali msizibe mapengo kwa kayukiyuki, yaani lantana. Ni sumu kwa ng'ombe, ngozi inaungua kwa jua na ini linaharibika.

Mama_Maziwa
Kuhusu kazi ya familia: mashimo yachimbwe mwishoni mwa mvua, udongo ungali laini. Mtu mmoja atatoa 10 hadi 15 kwa siku. Mkingoja likizo ya Desemba na Januari, udongo ni tofali na mtaimbo utawachosha. Vijana waachiwe kumenya nguzo na kushindilia. Udongo urudishwe kidogo kidogo, kila sentimita 15 ishindiliwe. Ukimwagwa wote kisha kukanyagwa juu, nguzo itacheza mvua ya kwanza.

Kukunjua roli ni kazi ya watu wawili na mti uliopita katikati yake. Wakati wa kukaza, asimame mtu mmoja tu kwenye kivuta waya, wengine wote wakae nyuma ya nguzo. Waya ukikatika unarudi kama mjeledi.

FundiUzio
Waya ukae upande wa ng'ombe, siyo upande wa nje, ili akisukuma asukume nguzo na si msumari. Msumari uupige kwa mshazari usipasue mti, na usiuzamishe wote. Waya uweze kuteleza ndani yake.

Mfugaji_Ngoma
Asanteni sana. Nimeelewa: seng'enge nje pamoja na mnyaa, umeme ndani, mbuzi peke yao. Je, hiyo mita moja ya mpaka, jirani asije akasema nimempa ardhi?

Nyasi_Kazo
Akisema leo hakuna shida, akisema baada ya miaka kumi ndipo kuna kesi. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza muite yeye na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), tembeeni mpaka wote pamoja, mpige vigingi, muandike na kila mmoja atie sahihi. Kama ardhi ni kibanja ndani ya mailo, yaani unaikalia juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine, mwenye ardhi naye awepo. Na kama ng'ombe wa kijiji hupita hapo kwenda bwawani, acheni njia. Uzio unaofunga maji hukatwa usiku, hata kama pembe zake ni imara namna gani.

Soroti_Mbuzi
Na lango liwe mita 4, gari la maziwa lipite. Bawaba ya juu igeuzwe ielekee chini, la sivyo ng'ombe atalinyanyua kwa pembe na kuling'oa.